Je, Ghost alikuwa kocha kweli?

SWALI: Shangazi, mimi ni dereva wa matatu Nakuru. Asubuhi abiria hawataki stesheni nyingine ila Radio Jambo, wawasikilize watangazaji Gidi na Ghost. Juzi kijana mmoja kabisha kwamba Ghost hajawahi kuwa kocha. Nimjibu nini?

JIBU: Amekosea, mwanangu. Jacob "Ghost" Mulee ndiye aliyeipeleka Harambee Stars, timu yetu ya taifa ya soka, Kombe la Mataifa ya Afrika kule Tunisia mwaka 2004, tukaichapa Burkina Faso 3-0. Gidi naye alikuwa mmoja wa wale wanamuziki wawili wa kundi la Gidi Gidi Maji Maji. Lakini mimi nawapendea kipindi chao cha Patanisho: mume anaomba msamaha, mke anapigiwa simu, halafu kimya. Hapo chai yangu hupoa mkononi.