Wasomaji Wanauliza: Nimealikwa Mkahawa wa Kikorea Berlin, Nile Nini?

SWALI: Assalaam alaikum, mhariri. Mimi ni muuguzi kutoka Mombasa, na huu ni mwaka wangu wa pili katika hospitali moja ya hapa Berlin. Wadini kwetu nafanya kazi na dada mmoja ambaye mama yake alikuja Ujerumani kutoka Korea ya Kusini akiwa msichana, naye akawa muuguzi mpaka alipostaafu. Mama huyo amesikia habari zangu, na sasa ameniita tukale chakula cha jioni, sisi watatu, katika mkahawa wa Kikorea ulioko Kantstraße. Nilikubali kwa furaha, lakini tangu hapo sina raha. Mimi ni Mwislamu na mkahawa wenyewe si wa halali. Nimeitazama orodha yao ya vyakula kwenye intaneti, nikaona nguruwe na pombe kila upande. Vijiti vya kulia sijawahi kuvishika. Tena sijui ni nani atakayelipa, na sitaki mzee wa watu anione sina adabu. Je, nitoe udhuru nisiende?
Muuguzi, Berlin

JIBU: Waalaikum salaam, dada yangu. Nenda. Mama huyo hakukualika kwa kubahatisha. Kati ya mwaka 1963 na 1977, Ujerumani ya Magharibi iliwachukua wachimba migodi karibu 8,000 kutoka Korea ya Kusini, na katika miaka hiyohiyo wakaja wauguzi na wasaidizi wao zaidi ya 10,000, wengi wao wasichana ambao hawakuwa wamewahi kutoka kwao na waliokuwa wakituma nyumbani sehemu kubwa ya mshahara. Anapomsikia binti wa Mombasa anayezunguka wadini usiku huku akitafuta neno la Kijerumani lililomponyoka, anajiona mwenyewe. Ukimtolea udhuru utamvunja moyo zaidi ya vile ambavyo ungemvunja kwa kukosea kushika vijiti.

Hata hivyo, usingoje mpaka mkae mezani ndipo useme kwamba huli nguruwe wala hunywi pombe. Mwambie mwanawe leo, kwa maneno machache, naye atamfikishia mama yake. Meza ya Kikorea inafanana na sinia la kwetu kuliko inavyofanana na meza ya Kijerumani: chungu cha mchuzi huwekwa katikati, vibakuli vya vitoweo vidogo huzungushwa pande zote, na kila mmoja huchukua kutoka hapo. Kwa hiyo anayealika huwaza mapema ataagiza nini kwa ajili ya wote, na mgeni anayesema "mimi hiki sili" baada ya chungu kutua mezani humwaibisha mwenyeji mbele ya wahudumu.

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe, kwani hapa ndipo penye mitego. Nguruwe aliyeandikwa kwa jina lake hana taabu, utampita tu. Samgyeopsal, kwa mfano, ni minofu ya tumbo la nguruwe ya kuchoma, na hakuna anayeificha. Taabu ni yule asiyetajwa. Mchuzi wa kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili, ambao kwa jina ungedhani ni wa mboga tu, mara nyingi hupikwa na nyama ya nguruwe. Maandazi ya mvuke yaitwayo mandu huwa naye ndani, tambi nyeusi za jajangmyeon vilevile, na hata kimbap, wali uliovingirishwa kwenye mwani, mara nyingi hutiwa ukanda wa nyama ya nguruwe iliyosindikwa. Pombe nayo hujificha: baadhi ya wapishi hulowekea nyama katika divai ya mchele, na gochujang, ile pilipili nyekundu iliyochachushwa, ikiwa ni ya kiwandani huweza kuongezewa kileo kidogo ili isiharibike.

Utaona pia kwamba orodha za vyakula za Ujerumani zina vijiherufi na vijitarakimu pembeni ya kila jina. Wageni wengi huvitegemea wakidhani vinaeleza kila kilichomo. Havielezi. Tarakimu kwa kawaida ni za rangi na vihifadhi, na herufi ni za vitu 14 vinavyodhuru watu wenye mzio, ambavyo kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Desemba 2014 inawataka wauzaji wa chakula wavitaje: ngano, ufuta, soya, maziwa, samaki na vinginevyo. Nguruwe hayumo kati ya hivyo 14, wala pombe. Usipoona herufi yoyote usiseme umesalimika. Muulize mhudumu kwa mdomo.

Kuhusu nyama ya ng'ombe, mkahawa wa kawaida hununua nyama ya machinjio ya kawaida, na hukumu yake ni baina yako na sheikh wako. Mimi si wa kutoa fatwa katika safu ya barua. Lakini hata ukiona inakufaa, ulizia jiko. Wakorea huchoma nyama mezani penu, juu ya wavu au bamba la chuma lililozamishwa katikati ya meza, na bamba lililochoma nguruwe hivi punde halitakasiki kwa kupanguswa na karatasi. Kama ni meza ya kuchomea, omba bamba safi. Kama si lazima kuchoma, afadhali msichome.

Ningekuwa mimi, ningeagiza samaki. Bangra wa kuchoma kwa chumvi hupatikana katika mikahawa mingi ya aina hiyo, naye hana tofauti kubwa na yule unayemjua. Kuna na haemul pajeon, mkate wa kumimina wenye majani ya vitunguu, ngisi na kamba, unaokatwa vipande vya kugawana. Lakini chakula ambacho mtu wa pwani hapaswi kukikosa ni bibimbap ya bakuli la jiwe, nawe uombe wasiitie nyama, na uulize pilipili yao ni ya aina gani. Jina lenyewe maana yake ni wali wa kuchanganya. Bakuli huletwa likiwa limepashwa moto mpaka wali unalia chini, juu yake mboga zimepangwa kwa rangi, mchicha, karoti, uyoga na machipukizi ya soya, na yai katikati. Unatia pilipili kwa kadiri yako, unachanganya chote kwa kijiko, halafu unasubiri kidogo. Ukifika chini utakuta ukoko, mwekundu na mkavu, wenye harufu ya mafuta ya ufuta. Wao huuita nurungji na huugombania kama tulivyokuwa tukiugombania jikoni kwa nyanya zetu. Tahadhari yangu ni moja: usiliguse bakuli. Mara yangu ya kwanza nililikumbatia kwa viganja viwili kama bakuli la uji, nikamaliza jioni ile vidole vyangu vikiwa ndani ya glasi ya maji baridi.

Vijiti visikutishe. Ni kweli kwamba vya Wakorea ni vigumu kuliko vya Wachina, kwa kuwa ni vya chuma, vyembamba, bapa na vinateleza. Lakini wali na mchuzi kwao huliwa kwa kijiko, na kijiko unakijua. Vijiti ni vya kuokotea vitoweo. Usinyanyue bakuli la wali kulipeleka mdomoni, liache mezani. Na usichomeke vijiti wima ndani ya wali, kwani hufanana na vijiti vya udi wanavyowachomea marehemu wao. Ukishindwa kabisa, omba uma, hakuna atakayecheka. Tena mkiagiza nyama mtaletewa majani ya saladi: mtu huweka nyama juu ya jani, hutia kitunguu thomu na mchuzi mzito, hukunja kwa vidole na kuingiza tonge lote kinywani kwa mara moja. Hapo utawashinda.

Adabu nyingine utaziona si ngeni. Mkubwa ndiye huanza kula, na wewe ungoje mpaka mama atie kijiko. Kitu cha mkubwa hupokewa kwa mikono miwili, au kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiushika wa kulia chini ya kiwiko, kama ulivyofundishwa kwenu. Mtu hajimiminii mwenyewe. Mtazame mama, na glasi yake ikipungua umjazie wewe. Akikukaribisha soju, ambayo ni pombe kali ya kukenekwa, sema hunywi, kisha pokea chai ya shayiri kwa mikono miwili ileile. Chai hiyo hunywewa moto au baridi, na haina hata tone la kileo. Ukiagiza maji utayalipia, kwa sababu Ujerumani maji ya mezani kwa kawaida huuzwa.

Kuhusu kulipa: kwa desturi ya Wakorea aliyealika ndiye hulipa, hasa akiwa ndiye mkubwa, na kunyang'anyana naye karatasi ya hesabu si heshima. Mhudumu wa Kijerumani atauliza kama mnalipa pamoja au kila mtu yake. Mwachie mama ajibu. Wewe sema baada ya hapo kwamba kahawa ni yako, muende mahali pengine mkanywe. Huko ndiko utakakotoa bakshishi, na Wajerumani hawaiachi mezani: ukiambiwa ni euro 13 na senti 50, unampa mhudumu noti na kumtajia "15", naye anakurudishia iliyobaki. Chukua fedha taslimu, kwa kuwa wapo wasiopokea kadi.

Na ukitaka kumpelekea mama zawadi, mpe leso. Chagua yenye jina la heri, maana hatatulia mpaka umfasirie kilichoandikwa.

SWALI: Mhariri, mimi naishi Frankfurt na nina mzio wa kamba, hata mchuzi wake hunivimbisha midomo. Rafiki zangu wanasema kimchi ni mboga tupu, naweza kula bila wasiwasi. Ni kweli?
Msomaji wa Frankfurt

JIBU: Si kweli, na tafadhali usiionje kwanza ndipo uulize. Kimchi ya kawaida hutengenezwa kwa kabichi ya Kichina iliyolowekwa chumvini, kisha ikapakwa pilipili, thomu, tangawizi na, mara nyingi sana, uduvi uliochachushwa au mchuzi wa samaki. Uduvi na kamba ni jamaa moja. Michuzi yao nayo huanzia kwenye supu ya dagaa, na pengine uduvi mkavu hutiwa humo. Hapa zile herufi za orodha zitakusaidia, ila kila mkahawa hutumia mpangilio wake, kwa hiyo herufi uliyoizoea kwingine isome upya kwenye maelezo yaliyo chini au mwisho wa orodha. Ipo kimchi isiyo na kitu cha baharini, iulizie kwa kutaja uduvi waziwazi, maana ukisema tu "haina nyama?" utajibiwa haina. Dukani soma kibandiko cha chupa, ambapo kitu cha mzio hutakiwa kuchapwa kwa namna inayokitofautisha na maneno mengine, aghalabu kwa herufi nzito. Na kama daktari amekupa sindano ya dharura, iwe mfukoni mwako, isibaki ndani ya koti ulilolitundika mlangoni.