Kompyuta ya marehemu baba: usifomati kwanza

SWALI: Shikamoo kaka. Nimetoa stoo kompyuta ya marehemu baba, Pentium II, ram 64, diski ya giga 4, nataka niweke Windows 98 wanangu wacheze gemu za zamani. Nikiwasha inaandika "Invalid system disk" halafu inaganda hapohapo. Flashi haiioni kabisa, sidi ya 98 ninayo ila haiwaki nayo. Diski imekufa au niifomati tu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usifomati kwanza, nakuomba. Angalia kama kuna flopi imesahaulika mle ndani, maana hata hiyo inaleta maneno hayohayo, itoe uwashe tena. Kama hamna, basi jua hayo maneno yanasomwa kutoka kwenye diski yenyewe, pale mwanzoni kabisa, yaani diski bado inapumua, na mara nyingi kilichopotea ni faili la kuwashia tu, IO.SYS. Barua za mzee, picha, mahesabu yake, vinaweza kuwa vyote vimo. Ichomoe, tafuta adapta ya IDE (tundu la diski za zamani) ya kuingia USB, chomeka kwenye laptop ya siku hizi, kopi kila kitu hata usichokielewa. Gemu zitasubiri.

Ukishamaliza hapo ndo tuje kwenye Windows. Flashi achana nayo, mashine za miaka ile haziwaki kwa USB. Sidi nyingi za 98 nazo haziwaki zenyewe, inatakiwa flopi yake ya kuwashia, kama huna iandike kwa laptop ukitumia flopi draivu ya USB. Na betri ya CR2032 pale kwenye bodi badilisha kabisa, imekaa stoo miaka yote hiyo, ikiisha baiosi (programu ndogo ya kwenye bodi inayoiwasha mashine) inasahau mipangilio yake yote ukichomoa umeme. Humo kwenye baiosi weka flopi iwe ya kwanza kuwaka.

Flopi ikikuuliza, chagua iwake pamoja na CD-ROM. Patisheni (sehemu ya diski iliyogawiwa) ya zamani kama ipo nzima FDISK, programu ya kugawa diski, huihitaji, FORMAT C: inatosha. Ukilazimika kutumia FDISK, kwenye swali la diski kubwa jibu Y, ukijibu N unapewa FAT16, mpangilio wa zamani wa faili, na patisheni haitavuka giga 2, halafu zima uwashe upya ndo ufomati.

Sasa hapa ndo watu wanakwama, wanaandika D: wanaambiwa hamna kitu wanadhani sidi mbovu, kumbe flopi ile inatengeneza diski ya muda kwenye ram na ndo inachukua D, sidi yako inasogea E. Usiinstoli moja kwa moja toka kwenye sidi, andika hivi:

MD C:\WIN98
COPY E:\WIN98 C:\WIN98
C:\WIN98\SETUP

Baadae ukiweka draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya saundi au ya vga, yaani ya picha, Windows itataka sidi tena, na kuna wakati imetoka kuwaka upya na draiva ya sidi yenyewe haijapanda, unabaki unaitazama. Faili zikiwa kwenye C inazichukua palepale, ikiuliza we andika C:\WIN98 ubonyeze enta.