Mng'oe Samaki Jicho: Kuunda Sanamu Dhahania kwa Vizibo

Sanamu yangu ya kwanza ya vizibo vya soda ilikuwa samaki. Kila mgeni aliyefika barazani kwetu Kigamboni alimtambua papo hapo, akacheka, kisha akaketi kunywa chai bila kumtazama tena. Nilipomkata mkia na kukiondoa kile kizibo chekundu nilichokifanya jicho, wageni wale wale walianza kuinama, kugusa na kuuliza ni kitu gani, nami sikuwa na jibu.

Anayetaka kuanza sanaa hii dhahania, yaani isiyoiga umbo la kitu chochote, namshauri aache kwanza kuchora na akusanye kitu cha aina moja, kwa wingi. Ukichanganya makopo, kandambili na vijiko katika kazi moja, mtazamaji hubaki kuhesabu takataka. Lakini vizibo 500 vilivyotobolewa na kuunganishwa husahaulisha chupa vilikotoka, jicho likafuata mikunjo na vivuli tu.

Hata hivyo, ijue malighafi unayoishika. El Anatsui, msanii mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, na kutunukiwa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, mwaka 2015, anajulikana kwa kuunganisha vifuniko vya alumini vya chupa za pombe kwa waya wa shaba hadi vinalegea kama kitambaa. Mimi niliiga shaba nikaisahau alumini. Vizibo vya soda ni vya chuma, na shaba ikigusana na chuma penye unyevu wa chumvi, chuma ndicho kinacholiwa haraka. Masika moja ilitosha: matundu yalipanuka, kazi ya miezi minne ikaporomoka sakafuni usiku wa manane, na mama akaamka akidhani tumevamiwa.

Sasa natumia vifuniko vya alumini, ambavyo hukatwa kwa mkasi wa kawaida, na kazi naitundika ndani. Ninapotoboa, huanzia upande wenye rangi ili makali ya tundu yabaki nyuma, mbali na vidole vya wanaopenda kugusa (na hapa kwetu wote hupenda).

Usiigandishe kazi ukutani mapema. Yangu inashikwa na misumari sita, na ikianza kufanana na kitu, nahamisha mmoja. Jumapili iliyopita mama alisema imekuwa kama kanga iliyoanikwa, nikaenda kuchukua nyundo.