Kwa nini "ana" au "hana" haitoshi

Umeuliza kwa nini maabara zisiandike tu "ana" au "hana" kwenye majibu ya vipimo vya korona, mambo yakaisha. Ndugu yangu, ana nini? Kipimo cha PCR, kile cha kuchukua sampuli puani au kooni, kinatafuta virusi vilivyopo sasa. Cha damu kinatafuta kingamwili, yaani dalili kwamba huenda uliwahi kuambukizwa. Mei 2020 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilikiri kwamba takwimu zake zilichanganya vyote viwili kapu moja. Majimbo ya Texas na Virginia nayo yalifanya hivyohivyo. Kwa hiyo ile asilimia ya waliokutwa na virusi ilikuwa haina maana.

Ndiyo maana kuna misimbo ya LOINC, namba za kimataifa zinazotambulisha kila aina ya kipimo. 94500-6, kwa mfano, inaiambia kompyuta: kilichotafutwa ni RNA (chembe za urithi) ya virusi vya korona, sampuli imetoka njia ya hewa. Hapo hata maabara moja ikiandika "POS" (yaani positive) na nyingine "imeonekana", mashine inaelewa ni kitu kimoja, mradi na jibu lenyewe limepewa msimbo wake. Hilo la pili husahaulika sana.

Na usidhani Wamarekani walikuwa mbali. Julai 2020 huko Houston faksi ya idara ya afya ilitapika mamia ya kurasa za majibu mpaka zikamwagika sakafuni, na baadhi ya majibu ya namna hiyo yalikuwa hayana hata namba ya simu ya mgonjwa. Sasa utamfuatilia nani?

Ila namba za Ct, yaani mizunguko ambayo mashine ya PCR ilihitaji hadi ikaona virusi, usizilinganishe: 30 ya mashine hii siyo 30 ya ile.