Maswali na Majibu: Divisheni ya 707 huko Belarus

Je, Divisheni ya 707 ilikuwa ya SS, yaani kikosi chenye silaha cha chama cha Nazi?

Hapana. Ilikuwa divisheni ya askari wa miguu ya Wehrmacht, yaani jeshi la kawaida la Ujerumani, katika Vita vya Pili vya Dunia. Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi, na anayelirudia mara nyingi hutamani jibu liwe ndiyo, ili lawama ya mauaji ya Belarus iishie kwa SS.

Kwa nini ilikuwa na rejimenti mbili tu, ilhali divisheni nyingi zilikuwa na tatu?

Iliundwa Mei 1941 kwa kazi ya kulinda maeneo yaliyotekwa, hivyo ikapewa rejimenti za 727 na 747, mizinga michache, na askari wengi waliokuwa wamepita umri wa ujana. Mashabiki wa hesabu za silaha huiita divisheni dhaifu. Mbele ya wanakijiji wasio na bunduki, udhaifu huo haukuzuia chochote.

Nimesoma kwamba watu iliowaua Belarus walikuwa wapiganaji wa msituni. Ni kweli?

Isome taarifa ya divisheni yenyewe: katika mwezi mmoja wa mwaka 1941 ilidai kukamata watu 10,940, ikawapiga risasi 10,431 kati yao, huku yenyewe ikipoteza askari 2 waliouawa na 5 waliojeruhiwa. Hayo si mapigano. Kamanda wake, Gustav von Bechtolsheim, alikuwa ameagiza kwamba Wayahudi watoweke vijijini, na kikosi cha polisi cha akiba cha 11, kilichowekwa chini ya divisheni hiyo, ndicho kilichoendesha mauaji ya Slutsk mwishoni mwa Oktoba, kikisaidiwa na askari wa Kilithuania. Hata mtawala wa kiraia wa Kijerumani wa mji huo alimwandikia mkubwa wake Minsk, Wilhelm Kube, kulalamikia ukatili aliouona. Kwa hiyo, wanaojifunza vita hii kwa kumbukumbu za majenerali walioandika baada ya 1945 wajihadhari, kwa kuwa wengi wao walikuwa wakijitetea.

Iliishia wapi?

Ilizingirwa na kuangamizwa karibu na Bobruisk, Juni 1944, katika mashambulizi makubwa ya Wasovieti.

Kamanda wake alihukumiwa?

Hapana. Bechtolsheim alifariki mwaka 1969 bila kutiwa hatiani na mahakama yoyote.