Gemu la Marekani Kwenye Soketi ya Mtwara

Xbox 360 yangu ya kwanza, ile mashine ya gemu, siku niliyoichomeka sikuicheza hata mechi moja. Aliniletea kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alipokuja kutoka Marekani mwaka 2014 kwenye msiba wa babu. Ilikuwa imetumika lakini safi, na pedi mbili juu. Wakati huo nimepanga chumba Chikongola, hapa Mtwara, na kichwani nilishafungua kibanda: mechi moja mia tano, Jumamosi watoto wamejazana mpaka barazani. Nikaenda sokoni nikanunua adapta ya plagi, ile nyeupe ndogo inayopokea pini mbili bapa za Kimarekani na kutoa tatu za kwetu. Buku mbili. Nikachomeka, nikabonyeza swichi ya soketi.

Pa! Breka ikashuka, chumba giza, na harufu moja ambayo ukishainusa huisahau, kama samaki ameungua pamoja na ndoo ya plastiki.

Kosa halikuwa la mashine, wala la kaka, wala la muuza adapta. Lilikuwa langu. Niliamini kwamba kitu kikishaingia kwenye soketi basi kimeelewana na umeme. Ile adapta inabadilisha umbo la pini tu, umeme wenyewe inaupitisha kama ulivyo. Kwetu ni volti 230 kwa hezi 50, yaani mizunguko hamsini ya umeme kwa sekunde. Marekani ni volti 120 kwa hezi 60. Japani wako chini zaidi, volti 100. Kwa hiyo niliichotea mashine ya watu karibu mara mbili ya ilichozoea, tena kwa mkupuo mmoja.

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi redio nyuma ya soko. Mzee wa makamo, kisahani cha ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, pembeni, bisibisi mkononi. Mashine yenyewe hakuigusa. Xbox 360 umeme wake uko nje, kwenye lile dude zito linalolala sakafuni, ambalo mtaani kwetu tuliliita tofali. Akalifungua hilo. Fyuzi ya kioo ilikuwa nyeusi tii kama chungu cha mama ntilie. Kapasita kubwa, kile kikopo kinachotunza umeme, imevimba kichwani. Akaipangusa kwa kidole gumba, akanisogezea.

"Mwanangu, soma hapo."

Iliandikwa 200V.

"Umeme wa kwao ukishageuzwa DC, ule kama wa betri, unafika kama mia na sabini, humu unakaa. Wa kwetu unafika mia tatu ishirini na kitu. Sasa wewe ulitaka hiki kidude kifanye nini?"

Sikuwa na jibu. Akachukua mng'oko mwingine, akatafuna taratibu kama vile tuna siku nzima.

Kilichoniokoa ni kwamba tofali lilikufa peke yake. Umeme wa ukutani haukuvuka kwenda ndani, na mashine ilikuwa nzima. Fundi akaniambia nitafute tofali la volti za kwetu kutoka kwenye Xbox iliyokufa kwa sababu nyingine. Ilinichukua karibu miezi miwili kulipata, na la kwanza nililouziwa halikuingia, maana kichwa cha waya hakifanani kwa matoleo yote ya Xbox 360. Ukienda kutafuta, beba mashine yako mkononi. Usiende na maelezo ya mdomo.

Tangu hapo mtu yeyote akiniletea mashine ya ng'ambo, au akinipigia simu akiwa njiani kuinunua, kwanza namwambia aigeuze asome kibandiko. Kiko chini au nyuma. Kama umeme uko nje, kiko kwenye tofali au chaja yake, na hicho ndicho cha kusoma, siyo cha kwenye mashine. Tafuta neno INPUT. Ukikuta 100-240V, mashine hiyo inakula umeme wa dunia nzima, badilisha waya au plagi ucheze. Ukikuta 120V peke yake, au 100-127V, au 100V, usiichomeke moja kwa moja hata kwa majaribio. Hakuna "ngoja nijaribu kidogo tu". Kapasita haijui kidogo.

Mashine za siku hizi zimeturahisishia. PS4 zote nilizozishika mikono yangu, hata iliyotoka Marekani, zilikuwa 100-240V, na waya wake ni ule wa tundu mfano wa namba nane. Kwa maana nyingine ni waya wa redio. Uache wa kwao, nunua wa kwetu wenye plagi ya pini tatu pale dukani, adapta ya plagi haina kazi hapo. Chaja ya Nintendo Switch nayo ni 100-240V. Balaa liko kwa za zamani: PS2 nene za mwanzo, Wii, Xbox 360, ambazo kila nchi ilipewa ya kwake. Na hizo ndizo watu wanazoletewa kama zawadi, au zinazochomoza kwenye mizigo ya mtumba, kwa sababu huko zilikotoka hazitakiwi tena.

Sasa kama ni ya volti 120 na hukupata tofali la volti za kwetu, kuna transfoma ya kushusha. Inapokea 230, inatoa nusu yake. Hapa niliungua mara ya pili, ingawa safari hii kidogo. Nilikuwa na PS2 ya Kimarekani nikainunulia transfoma ya wati 100, ikafanya kazi vizuri. Siku moja rafiki akaja na Xbox 360 yake ya Marekani, ya toleo la kwanza, tukaichomeka humo humo. Tofali la toleo lile linatoa mpaka wati 203. Dakika ishirini transfoma ilikuwa ya moto kiasi cha kutogusika na inanguruma kama nyuki mzingani. Tulichomoa mapema, vinginevyo ningeandika hapa habari ya nyumba. Soma wati za mashine, kisha chukua transfoma yenye karibu mara mbili ya hizo. Na iinue mkononi. Transfoma ya kweli ni nzito kwa sababu ndani kuna chuma na waya wa shaba. Ukikuta ya wati 500 ambayo mtoto wa darasa la pili anaibeba kwa kidole, irudishe mezani kwa muuzaji.

Kuna na vile vibadilishi vyepesi vya safari, vidogo kama kiganja, vimeandikwa wati 1600. Vingi ni vya pasi na mashine za kukaushia nywele, vitu vinavyotaka joto tu. Vinaukata umeme vipande vipande na vitu vya elektroniki haviwezi kuupokea hivyo. Mashine ya gemu usiipitishe humo.

Wa Japani wana jambo lao. Transfoma ya kawaida inatoa kama 115, na wao wanataka 100. Ukipata yenye tundu la 100 chukua hiyo. Kwa umeme wetu unaopanda na kushuka tofauti hiyo siyo ndogo, maana transfoma haishiki namba moja, inagawa tu kwa mbili. Ukutani ikipanda 250, kwake inatoka 125. Kwa sababu hiyo mimi naanza na stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza volti, kisha transfoma, kisha mashine. Na umeme ukikatika nachomoa vyote. Sisubiri urudi, kwa sababu dakika ile ya kurudi ndiyo unakuja na mkiki.

Watu huniuliza sana kuhusu hezi, kwamba transfoma haibadilishi 50 kuwa 60, je, mashine haitakimbia polepole? Haitakimbia polepole. Kitu cha kwanza inachofanya na umeme ni kuugeuza DC, na baada ya hapo hezi za ukutani hazina habari tena. Kinachosumbuka ni vitu vinavyohesabu au kuzunguka kwa hezi zenyewe. Mama mkubwa aliletewa saa ya mezani ya kuchomeka, tukaipitisha kwenye transfoma, ikawaka vizuri, halafu kila saa moja inachelewa dakika kumi. Ukiigawa 50 kwa 60 utaiona hesabu yenyewe. Siku ya kwanza ilimchelewesha adhuhuri, siku ya pili ikahamia kabatini.

Picha ni hadithi nyingine. PS2 ya Marekani kwenye TV ya zamani ya mgongo inaweza kutoa picha isiyo na rangi, na hilo halitokani na umeme kabisa, ni mfumo wa picha wa kwao na wa kwetu. Kwenye TV za HDMI nenda tu. Diski za PS2 nazo zinaangalia nchi, za PS4 haziangalii.

Wanaotoka huku kwenda nje wasiwasi wao ni mdogo zaidi. Mashine ya 220-240V ukiichomeka kwenye umeme wa 120 mara nyingi haiungui, inagoma kuwaka tu. Ukienda Oman, plagi ni hizi hizi zetu na volti ni 240, unachomeka kama uko Shangani. Ukivuka Mtambaswala kwenda kwa ndugu zetu Msumbiji, volti ni 220, shida ni umbo la plagi tu, na hapo ndipo adapta ya buku mbili inapofanya kazi yake halali. India vivyo hivyo. Wanaotakiwa kufikiri mara mbili ni wa Japani na Marekani.

Jambo moja la sisi wa pwani ambalo sijaona watu wakilisema. Hewa ya chumvi inakula pini. Transfoma yangu niliiweka sakafuni karibu na dirisha linaloangalia bahari, na baada ya mwaka mmoja tundu zake zilikuwa na kutu ya kijani, plagi inacheza na kutoa cheche. Sasa iko juu ya stuli, mbali na dirisha, na kila baada ya muda naichomoa na kupangusa pini kwa kitambaa kikavu. Usiifunike kitambaa cha kufuma hata kama nyumbani wanapenda kila kitu kivae. Inahitaji kupumua.

Mwaka jana mpwa wangu aliyeko Marekani alinitumia ujumbe kwamba amepata PS4 kwa bei ya kutupa, je, aniletee akija likizo? Nikamwambia, "Mjomba, igeuze kwanza, nipigie picha ya kibandiko." Picha ikaja imetingishika. Nikamwambia arudie. Ya pili ikasomeka vizuri: 100-240V. Nikamjibu abebe mashine na pedi, waya auache huko huko.