Mvua ya kipupwe: maswali yenu na majibu yangu

Assalaam alaykum wasomaji. Tangu mvua ilipoanza kupiga huku visiwani, na Julai ndo iko katikati, kila anayeniandikia anaanza na neno ajabu. Mvua ya ajabu, hali ya hewa ya ajabu, dunia imegeuka. Nimechukua maswali yenye faida kwa wengi pamoja na yale yanayojirudia mpaka yanachosha, na kama hukuona swali lako soma mpaka mwisho, jibu utalikuta ndani ya jibu la mwenzako.

Maalim, hii mvua ndo El Nino? Kuna voisi inazunguka kwenye magrupu inasema tujiandae na mafuriko mpaka Septemba. (Fuoni)

Siyo El Nino. Hili nalijibu kila kipupwe na nitaendelea kulijibu kwa sababu linaleta madhara. El Nino ni joto la bahari ya Pasifiki, huko upande wa Peru, na ikitokea basi sie huku athari yake kubwa tunaiona kwenye vuli, Oktoba mpaka Disemba. Watu wazima munaikumbuka vuli ya 1997 ilivyotutesa mpaka ikaingia 1998. Ile ya 2019 wengi waliiita El Nino na haikuwa, ile ilikuwa bahari yetu wenyewe ya Hindi, upande huu wa kwetu ulipata joto na upande wa Sumatra, kule Indonesia, ukapoa, mvua zikavutika huku. Zote hizo ni habari za vuli.

Sasa hiyo voisi. Haina tarehe, haina jina la aliyesema, haina ofisi. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, wakitoa tahadhari wanataja siku, wanataja mikoa na wanataja kiwango, mvua kubwa kwao ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Kama meseji haina hata kimoja katika hivyo usimpelekee mtu mwengine. Mtu anaacha kuvuna, anauza mbuzi kwa hasara, kwa sauti ya mtu asiyemjua wala hatomjua.

Skuli tunafundishwa Juni mpaka Agosti ni kipupwe, baridi na ukavu. Mbona tunaroa? Kitabu kimekosea? (Mwanafunzi, Chake Chake)

Umeuliza vizuri mwanangu. Kitabu kinazungumzia nchi nzima na nchi ni kubwa. Dodoma kuanzia Juni mpaka Septemba mtu anaweza asione tone. Lakini upepo ni huo huo mmoja, kusi. Unatoka kusini mashariki, pande za Mauritius, unapita juu ya bahari maelfu ya kilomita na njia nzima unabeba unyevu, ukifika pwani unapunguza mwendo, usiku unakutana na upepo mdogo unaotoka nchi kavu, hewa inapanda juu, inapoa, inanyesha. Ndo maana mvua hizi nyingi zinapiga usiku wa manane mpaka alfajiri, zinapiga muda mfupi tu, na unaweza kusikia Wete wameroa na wewe Chake kumekauka. Upepo ukishaingia bara kiasi cha maji yake umeshakiacha huku kwetu.

Wazee wanaziita mvua za mchoo, mvua ndogo baina ya masika na vuli, na walizitia kwenye hesabu ya kazi zao. Unguja Julai na Agosti kwa wastani kila mwezi unapata kama milimita 40 hadi 60, wakati Aprili peke yake inapita 300, na Pemba kwa mwaka inapata mvua zaidi kuliko Unguja. Kwa hiyo ni ndogo lakini ipo, kila mwaka ipo.

Na hapa niseme na walimu wa jografia. Muna uwanja, muna watoto, muna mvua. Chukueni kopo lenye ubavu ulionyooka, liwekeni pahala wazi pasipo mti, kila siku saa 3 asubuhi mtoto apime kwa rula na aandike kwenye daftari. Baada ya miaka miwili skuli itakuwa na hesabu yake wenyewe na hakuna mtoto atakayekuja kuniuliza kama mvua ya Julai ni ajabu.

Itakoma lini? (Kwahani, Jang'ombe, Bububu, Mkoani, na wengine wengi)

Tarehe hakuna anayeweza kukupa. Sikiliza utabiri wa TMA kila jioni, upange kesho yako tu.

Nimechuma karafuu mvua ikanikuta, nikazitia kwenye mapolo (magunia), leo siku ya pili zinatoa joto. Nifanyeje? (Mtambwe)

Zitoe sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Zimwage kwenye majamvi ndani, ukumbini, barazani, popote penye paa na upepo, zitandaze nyembamba, fungua milango na madirisha, zigeuze kila baada ya saa mbili tatu hata usiku. Karafuu mbichi ikilundikwa inajipika yenyewe. Tia mkono katikati ya polo, utaona ni moto kama uji uliotoka jikoni. Ikikaa hivyo rangi inaondoka, inakuwa nyeupe nyeupe na imenywea, hiyo ndo mpeta, na mpeta hata ukiianika wiki nzima kwenye jua kali hairudi kuwa karafuu nzuri. Ulizonazo zichague kwa mkono, zilizokwisha kubadilika ziweke mbali, usizifiche katikati ya nzima kwa sababu kwenye kituo cha kununulia karafuu wataziona na polo zima litashuka daraja.

Wengine ambao bado hayajawakuta, tafadhalini. Kwenye kipupwe chuma kile ambacho usiku ule ule watu wa nyumbani wanaweza kukichambua makonyo (vikonyo vyake) yakatoka, na asubuhi majamvi yakatosha. Watu munachuma mti mzima na majamvi muna matatu. Karafuu inataka jua zuri la siku tatu mpaka tano hivi, ikikauka sawasawa ukiikunja kwa vidole inakatika, kama inapinda bado. Na lazima abaki mtu nyumbani wa kuanua. Naona nyumba nyingi wazima wote wako shambani, watoto wako skuli, amebaki bibi peke yake, wingu linakuja kutoka baharini na yeye ana majamvi kumi uwanjani, atafika la ngapi? Nunueni turubali. Pesa ya turubali moja mbele ya hasara ya polo moja la mpeta si kitu, na turubali utalitumia misimu kadhaa.

Hukuniuliza kuhusu lami lakini nasema. Baada ya mvua lami inakauka haraka, basi watu munabeba karafuu munazianika barabarani. Lami ina mafuta ya magari, ina mchanga, gari inapita juu yake, na karafuu inashika kila harufu iliyo karibu nayo. Karafuu hii ndo jina la visiwa hivi duniani, halafu tunaianika kwenye njia ya matairi. Na aliyewekwa kuzigeuza pale kwenye kona mara nyingi ni mtoto. Naomba hili liishe.

Jengine ni kukwea mti. Tawi la mkarafuu linakatika kirahisi hata likiwa kavu, likiroa linateleza pia. Subiri mti ukauke. Kila msimu tunabeba watu waliovunjika mgongo kwa haraka ya asubuhi moja.

Mwani wetu umeroa mvua ukiwa juani, umekuwa mweupe. Mnunuzi anaukataa. (Kina mama, Jambiani)

Poleni sana dada zangu, maana najua kazi ya kuutoa huo mwani baharini. Maji ya mvua yanauosha chumvi yake na kuuharibu ndani, na ule weupe anaouona mnunuzi ndo dalili. Uliokwisha kuwa hivyo uwekeni mbali na mzuri. Unaofuata, anikeni juu ya chanja, pasiwe chini kwenye mchanga, kwa sababu chanja unaifunika turubali mara moja na maji yanapita chini, wa mchangani ukiufunika juu unaroa kwa chini. Najua munavuna kwa bamvua, yaani maji makuu, na bamvua haliwangoji, lakini kama utabiri wa siku mbili ni mbaya vuneni kamba chache, nyengine ziacheni baharini mpaka bamvua jengine, mwani ukiwa majini mvua haiuharibu kama ukiwa umekauka nusu. Na wanunuzi nao, munaochukua mwani kwa bei ya chini kila mwaka, jengeni basi hata banda moja la kuanikia kila kijiji. Hasara yote wanaachiwa kina mama.

Mpunga wangu wa Cheju umeiva na mvua inaendelea. (Bila jina)

Vuna. Ukingoja ukauke shambani utaanguka na punje zitaota kwenye suke. Vuna kila asubuhi umande ukishakauka, usiulundike mbichi, pura mapema na utandaze.

Marehemu babu alikuwa anahesabu miongo toka siku ya Mwaka na alikuwa anajua lini mvua inakuja. Sie tukihesabu haikubali. Hesabu imeharibika au mbingu? (Makunduchi)

Swali hili nimelipenda. Hesabu ya Nairuzi, yaani mwaka wa jua wa wazee wetu unaoanza siku ya Mwaka, ina siku 365 kamili, miongo 36 ya siku kumi kumi na siku 5 za juu yake, haina mwaka mrefu wenye siku ya ziada. Kwa hiyo kila miaka minne siku ya Mwaka inarudi nyuma siku moja, na kwa karne moja ni kama siku 25. Karne ya 19 Mwaka ulikuwa unaangukia mwisho wa Agosti, leo munakoga Julai. Basi kama umeshika maneno ya babu wa babu yako kwamba mwongo fulani una mvua, mwongo huo sasa umeshahama zaidi ya mwezi. Mvua haikuhama kiasi hicho, iliyohama ni tarehe.

Na babu yako hakuwa akihesabu siku peke yake. Alikuwa akitazama upepo, akitazama bahari, akitazama Kilimia, lile kundi la nyota. Kilimia inapotea magharibi mwezi wa Mei na kuzuka alfajiri Juni, na wazee wakasema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Yaani walikuwa wanajua kabisa kwamba baada ya masika mvua inaweza kurudi. Ujuzi huu unakufa kwa sababu tunawazika wazee na daftari hatukuandika. Wewe wa Makunduchi una wazee bado, chukua simu, rekodi, hiyo ndo voisi ya kupeleka kwenye grupu.

Je, hayo si mabadiliko ya tabianchi? Mbona unapinga? (Mpendae)

Sipingi, na usinisemee. Hali ya hewa inabadilika, bahari ya Hindi imepata joto, na hewa ikipanda joto kwa nyuzi 1 inaweza kubeba unyevu kama asilimia 7 zaidi, kwa hiyo mvua ikija inaweza kuja kwa nguvu kuliko zamani. Ninachokataa ni kuchukua mvua ya usiku mmoja ukaifanya ushahidi. Wataalamu wanapima wastani wa miaka 30 ndo wanasema kitu. Tukiita kila manyunyu mabadiliko ya tabianchi, siku ukija ushahidi wa kweli, kisima kimeingia chumvi, ufukwe umeliwa, hakuna atakayetusikiliza. Na mikoko munayoikata kwa kuni na boriti, hiyo ndo inayoshika ufukwe, hilo mbona hamuniulizi?

Harusi yetu Jumamosi uwanjani, tuahirishe? (Kiembesamaki)

Musiahirishe. Fungeni tenti, na waya za taa musizipitishe chini kwenye maji.

Mvua imekatika, jua limetoka, tunaweza kuvuka? (Kijana wa boti, Nungwi)

Mvua na bahari ni mambo mawili. Kwenye kusi jua linaweza kuwaka kutwa na bahari ikawa inaua. TMA wanatoa tahadhari ya upepo unaofika kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, na siku kama hiyo mbingu inaweza kuwa nyeupe kabisa. Boti ya abiria MV Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, mwezi huu huu wa kusi, bahari ikiwa imechafuka. Tuna watu mpaka leo hawana kaburi la kulizuru. Sikiliza tahadhari ya baharini, siyo ya mvua tu, usipakie zaidi ya uwezo wa chombo, na jaketi lisiwe limefungiwa chini ya kiti. Mgeni wa hoteli akikuongezea pesa ili utoke, mwambie kesho.

Huku kwetu maji ni ya shida. Tunaweza kukinga haya ya mvua ya sasa? (Micheweni)

Kingeni, tena nashangaa wenye mabati wengi hawakingi. Mvua hizi ni fupi na baina yake paa linashika vumbi la upepo na mavi ya ndege, kwa hiyo maji ya mwanzo yaacheni yamwagike, dakika kumi hivi, halafu ndo muelekeze bomba kwenye tangi. Mdomo wa tangi ufungeni wavu mdogo, mbu anayeleta dengue anataga kwenye maji safi yaliyotulia. Ya kunywa chemsheni.